Ngamia wa kompyuta anarushwa juu akikanyaga: nianzie wapi?

Mwana_Mvita
Salaam wakuu. Naunda modeli ya mwendo wa ngamia kwenye MuJoCo (programu ya kuiga mwendo wa vitu kwa kanuni za fizikia), nikifuata video za ngamia wanaobeba wageni ufuoni Bamburi: picha 60 kwa sekunde, zimepigwa ubavuni, maji yamekupwa na mchanga ni mgumu. Mwili kilo 450. Pembe za viungo nazipeleka moja kwa moja kwenye mota, kp (ugumu wa mota) 20,000 kote, hatua ya muda (pengo kati ya hesabu moja na inayofuata) sekunde 0.005. Nyayo zinatetemeka tangu mwanzo, zikigusa mchanga mnyama mzima anarushwa. Kupunguza msuguano hakukusaidia.

Fundi_Springi
Msuguano urudishe ulivyokuwa. Mota ya aina hiyo ni springi, na springi ngumu kwenye kipande chepesi hucheza haraka kuliko hatua zako zinavyoweza kuifuata. Gawa kp kwa inesha ya wayo (ukinzani wake wa kuzungushwa), tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa hatua ya muda. Inesha ikiwa 0.05 kg·m², kipeuo ni 632, na jibu ni 3.2. Likizidi 2 hakuna utulivu. Mning'inize hewani utaona: atatetemeka vilevile bila ardhi.

Weka hatua ya 0.001 na kp ya wayo 2,000. Jibu linashuka hadi 0.2. Kp kubwa ibaki nyongani, penye uzito. Kisha simamisha kabla ya hatua ya muda ya kwanza uangalie kama nyayo zimezama mchangani. Sentimita 2 tu zinatosha kumrusha.

Mchuja_Data
Na pembe za video zichujwe kwanza, kwenda na kurudi ili zisichelewe, ukiondoa mitikisiko inayozidi 6 Hz (mara 6 kwa sekunde). Kosa la digrii 1 linalotikisika kwa 10 Hz, ukitafuta mchapuko, linakuwa karibu digrii 3,950 kwa sekunde mraba. Mota inalifuata hilo kama mwendo wa kweli.

Mwana_Mvita
Shukran, kutetemeka kumekwisha. Sasa kifua kinagonga kila hatua, na baada ya hatua chache anaangukia ubavu.

Mifupa_na_Misuli
Kifua: naona umefunga bega kwa pini. Ngamia hana mtulinga. Kiwiliwili kimening'inizwa na misuli kati ya mifupa ya mabega. Weka kiungo cha kuteleza wima chenye springi na shokomzoba. Mbele ikibeba kilo 250, kila bega lina niutoni 1,226. Ukitaka ishuke sentimita 2, springi ni kama 61,000 N/m. Shokomzoba anzia 1,100 N·s/m.

Ubavu ni kazi ngumu zaidi. Ngamia huenda miguu ya upande mmoja ikisogea karibu kwa pamoja, kwa hiyo uzito unahama kulia na kushoto, na video ya ubavuni haionyeshi hata digrii moja ya hilo. Piga nyingine kutoka nyuma. Mwendo wa nyonga kwenda pembeni usiufungie kwenye pembe za video. Tumia kanuni ya Raibert, mtafiti wa roboti zenye miguu: wayo utue upande anakoegemea, kwa umbali wa kasi ya pembeni mara nusu ya muda wa kukanyaga. Kasi 0.2 m/s na muda 0.9 s ni sentimita 9.

Halafu jumlisha nguvu za wima za nyayo zote, wastani wa mzunguko mzima wa hatua. Lazima upate karibu niutoni 4,415. Ikiwa pungufu au zaidi, usiguse mota kabla hujakagua uzito wa kila kipande.