Mpako wa wagonjwa: umewahi kuupokea, wewe au mtu wako? Tupeane uzoefu

NyarKibuye: Nianze mimi. Mwaka juzi baba alilazwa hapa Kisumu, figo. Nilipomwambia mama tumwite padre ampe mpako, ile sakramenti yetu Wakatoliki ya kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea, alinikemea kwa kunong'ona: "Unataka kumzika babako akisikia?" Tukangoja siku nne. Ya tano hali ikawa mbaya, mama mwenyewe ndiye aliyepiga simu.

Padre akaja jioni na kichupa cha chuma kidogo kuliko kidole gumba, na pamba. Akamwekea mikono kichwani kimya, kisha akampaka kwenye paji la uso na viganjani. Baba, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akatazama viganja vyake vinavyong'aa, akauliza, "Sasa kikombe cha uji nitakishikaje?" Mama alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia.

Sisemi alipona. Hadi leo yuko kwenye dayalisisi mara mbili kwa wiki. Ila usiku ule alilala. Kwenu ilikuwaje?

Mzee wa Mumias: Mamako usimlaumu. Sisi tulikua tukiuita mpako wa mwisho, na padre alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono hadi miguu. Nyanyangu alipopakwa, vijana walianza kupasua kuni za matanga siku hiyohiyo. Akaishi miaka 11 zaidi, na kuni zile akazipikia! Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema mwaka 1963 kwamba ni mpako wa wagonjwa, si wa wanaokata roho tu, na Papa Paulo VI akaidhinisha utaratibu mpya 1972. Lakini habari kama hizo huchelewa kufika kijijini.

Katekista Njoro: Huchelewa kweli. Nimewahi kuamshwa saa nane usiku, nikamwamsha padre, tukafika mgonjwa ameshafunikwa shuka. Padre akamwombea marehemu, hakumpaka, kwa sababu sakramenti ni ya walio hai. Familia ilitununia hadi mazishini.

Jamani, iteni mapema. Ugonjwa mzito, uzee uliolemea, upasuaji mkubwa, yote hayo yanatosha. Ukizidiwa tena, unapakwa tena. Na msiniite mimi na mafuta, siruhusiwi, ni padre au askofu tu. Kwetu hupaka watu wengi pamoja karibu na tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani. Safari iliyopita bibi mmoja aliletwa kwa wilbaro, amevaa kitambaa kipya kichwani.

Mwana wa Butere: Mimi ni wa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya. Yakobo 5:14 tunaisoma pia, na mchungaji wetu alimpaka mke wangu mafuta. Wale wanaouza chupa za upako redioni ndio sielewi wameisoma wapi.

Kitindamimba: Mimi nina kinyongo. Tulipiga simu Ijumaa, tukaambiwa padre yuko vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia. Mama akafa Jumamosi. Padre akaja Jumatatu.

NyarKibuye: Pole sana, ndugu yangu.

Atieno_K: Nisaidieni. Shangazi anaingia tieta kesho saa tatu asubuhi. Anasema akimwona padre tu, moyo utasimama.

Katekista Njoro: Usimfiche, lakini padre asiingie na stola, ule mkanda wa ibada, shingoni. Aketi, amsalimie, waulizane habari za nyumbani. Shangazi akikubali, ndipo kichupa kitoke mfukoni.

Atieno_K: Nimempigia padre. Anakuja saa kumi na mbili.