Tupeane uzoefu: ulitoa alama ya kidole au taarifa zako kwa ajili ya usalama, zikaishia wapi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za majukumu. Naanza na yangu ili tusibaki kwenye nadharia. Mwishoni mwa mwaka 2019, siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole zilipokaribia (baadaye zikasogezwa hadi Januari 20, 2020), nilisajili kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha daladala. Niliweka kidole, akasema hakijasoma. Nikakifuta jasho kwenye suruali, nikaweka tena, naye akasema bado, mtandao unasumbua. Mara ya tatu ikakubali. Miezi kadhaa baadaye nilipiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha taifa (cha NIDA), nikakuta moja nisiyoijua kabisa. Kuifuta kulinigharimu nusu siku na maswali mengi, utadhani mwizi ni mimi.

Sipingi usajili wenyewe. Matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wamewaliza wazee wetu, na mtu anayetishia wenzake kwa simu anapaswa kujulikana. Hata hivyo, laini inayosomeka jina langu huku iko mfukoni mwa mwingine inamleta askari kwangu, na mhalifu anaendelea na shughuli zake. Ibara ya 16 ya Katiba inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu, na papo hapo inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, zaidi ya miaka mitatu baada ya vidole vyetu kuchukuliwa. Hapo ndipo panaponikera. Nanyi yamewakuta yapi?

Mchangiaji, Mombasa

Yangu ni ya daftari. Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, kuingia katika majengo mengi ya Nairobi ni kupekuliwa, kisha kuandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na hilo silipingi, kwani waliokufa walikuwa watu wetu. Nilikwenda kwenye usaili wa kazi, nikaandika kama nilivyoelekezwa, juu ya ukurasa uliojaa wageni wa asubuhi ambao ningeweza kuwanakili wote. Jioni hiyo mlinzi alinitumia ujumbe kuniuliza kama nimeolewa. Sheria yetu ya kulinda data ni ya mwaka 2019, lakini daftari lile lilikuwa wazi mezani, na kalamu imefungwa kwa kamba. (Kalamu ndiyo iliyolindwa.) Siku hizi nambari ya mwisho naikosea kwa makusudi, na najua wazi kwamba siku ya janga daftari hilo halitamsaidia yeyote kunitafuta.

Mchangiaji, Morogoro

Mimi nitatofautiana nanyi kidogo. Baba yangu ana tatizo la kusahau, na siku moja alitoka nyumbani na simu yake akapotea. Tulitoa taarifa polisi, na kabla ya magharibi tukaelezwa simu ilionekana mara ya mwisho kwenye mnara wa upande wa Gairo. Tukamkuta ameketi kwenye benchi la muuza chipsi, viatu amevishika mkononi. Laini ile ingekuwa haina jina, sijui tungeanzia wapi. Ila nakiri kwamba kwa urahisi ule ule niliosaidiwa mimi, mume mwenye wivu naye angeweza kusaidiwa.

Mleta mada

Mkuu, pole sana, na tunamshukuru Mungu mzee alipatikana. Kuna fomu uliyosaini, au mtu yeyote aliyehakikisha kwamba wewe ni mwanawe kweli?

Mchangiaji, Morogoro

Hakuna. Niliulizwa namba ya mzee tu.