Insha ya ngoma ya Bujora: mhadhiri kasema nimeeleza, sijachambua

Sato wa Nyegezi
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mwaka wa kwanza, historia ya sanaa. Insha ni maneno 1,500 juu ya kitu kimoja, na lazima ukitazame chenyewe, si picha yake. Nimechukua ngoma ya mtemi (mtawala wa jadi wa Wasukuma) pale makumbusho ya Bujora, Kisesa, Mwanza. Rasimu imerudi na maneno haya pembeni: "Umeeleza, hujachambua." Tofauti ni nini hasa? Au nihamie kwenye mchoro wa Tingatinga, wenye vitabu tele?

Mwaloni77
Baki na ngoma. "Ngozi imeshikwa kwa vijiti" ni maelezo. "Vijiti vimebanana upande mmoja na kuachana upande wa pili, kwa hiyo ngoma ilikuwa na mbele na nyuma" ni uchambuzi (mfano tu, yako huenda haiko hivyo). Kila sentensi iulize "kwa hiyo?" Isiyo na jibu, kata.

Rudi Kisesa na futi ya fundi cherehani. Kaa nusu saa kabla hujasoma kibao cha maelezo, maana ukikisoma kwanza utaona kile tu kilichoandikwa. Tumbo la ngoma halipimiki kwa rula: zungusha futi, gawa kwa 3.14. Mzunguko wa sm 157 ni kipenyo cha sm 50. Kimo huandikwa kwanza.

Tafuta alama za tezo (chombo cha kuchongea) kwenye mti. Kisha ngozi: imechakaa katikati au ukingoni? Katikati hutoa sauti nzito, ukingoni kali, hivyo uchakavu unakuonyesha ilivyopigwa. Na usiupe mti na ngozi umri mmoja. Ngozi hupasuka ikawambwa nyingine, mti ukabaki uleule.

Kibao Cheusi
Naongezea picha. Zima flashi, inafuta alama zote za tezo. Mwanga utoke ubavuni. Usiisogelee na simu, lenzi ya karibu inavimbisha tumbo la ngoma. Rudi nyuma mita 2, kisha vuta. Piga mbele, ubavu, juu, na kipande kimoja cha karibu chenye rula pembeni.

Mama Kitabu
Kuhusu Tingatinga, usidhani ni njia ya mkato. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne tu. Michoro mingi inayoitwa kwa jina lake ni ya wafuasi, na sahihi zake zimeghushiwa sana. Rangi yake ya mafuta inang'aa, kila picha utakayopiga itakuwa na dirisha ndani yake.

Turudi Bujora. Nahisi kosa lako kubwa liko kwenye maana. Ngazi 3 za kusoma maana ya picha, za mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, zilitungwa kwa sanaa ya Ulaya yenye maandishi nyuma yake: Biblia, hadithi za Wagiriki. Kwa ngoma ya mtemi, mahali pa kitabu anakaa mzee. Kwenye tanbihi andika jina lake (akikubali), tarehe, kijiji na lugha mliyoongea. Neno la Kisukuma liache lilivyo, tafsiri ifuate.

Pia banda lenyewe la makumbusho, ngoma ilimo, lina umbo la kiti cha mtemi. Hilo ni tafsiri ya waliolijenga, akiwemo padri David Clement, si sehemu ya ngoma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, kwa hiyo jiulize ngoma hii ilipigwa lini kwa kazi yake, na lini ilianza kutazamwa tu. Hapo ndipo ilipo hoja yako, na iingie aya ya kwanza, si ya mwisho.

Sato wa Nyegezi
Asante mama, asanteni wakuu. Mhudumu akikataa futi?

Mwaloni77
Mwombe namba ya kitu kwenye daftari lao, mara nyingi vipimo vimo. Vikikosekana, andika "takriban" na useme ulivyokadiria. Ila usiiguse ngozi, hata akigeuka.