Naishi peke yangu Bukavu, nina miaka 36. Nifanye nini nisikate tumaini la kupata mwenzi?

Cherehani_ya_Nyawera (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu, kaka na dada, na wakubwa wote walio humu. Nimekuwa nikisoma tu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu jana usiku sikupata usingizi.

Nina miaka 36, ni mshonaji, nimepanga huku Nyawera. Huu ni mwaka wa saba naishi peke yangu. Wadogo zangu watatu wameolewa, na yule wa mwisho nguo yake ya harusi nimeishona mimi. Chakula ninacho, kodi nalipa, sina deni dukani. Ila kuna vitu vidogo vinanimaliza. Bugali wa mtu mmoja hausongeki: maji kidogo, unga kidogo, mwiko unakwaruza chini ya sufuria, unatoka na mabonge. Basi nasonga wa watu wawili, na unaobaki nakula asubuhi na chai. Miaka yote hii nasonga wa watu wawili.

Mama mwenye nyumba kila akija kuchukua kodi ananiuliza, "Na bwana, atafika lini?" Hasemi kwa ubaya. Lakini akiondoka siwezi kurudi kwenye mashine.

Ninyi mlioishi peke yenu muda mrefu, mlifanya nini tumaini lisizimike? Tafadhali msinitumie namba za simu. Nataka ushauri tu.

Papa_wa_Beach

Binti yangu, usihofu. Mimi nilioa nikiwa na miaka 41. Januari 2002, Nyiragongo ilipotema moto na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani, watu walikuwa wanashuka hapa Bukavu na boti wakiwa na godoro tu kichwani. Nilikuwa bandarini nasaidia kupokea mizigo. Mama mmoja akanipa mbabula, jiko lake la mkaa, nimshikie, akaenda kutafuta mtoto wa dada yake kwenye watu. Nikaishika ile mbabula tangu saa nne mpaka saa tisa. Kila mtu aliniambia iweke chini, uende. Nikasema hapana, nimepewa. Aliporudi alinikuta palepale. Leo tuna watoto watatu, na mbabula ile bado iko nyuma ya nyumba, imetoboka, hataki itupwe.

Omba Mungu na utoke nje ya nyumba. Kwaya iko, mikutano ya kina mama iko. Mvumilivu hula mbivu.

Mwana_Kadutu

Dada, unasema hautaki namba, kisha unatuambia unapikaka bugali ya batu babili? Sema nyumba iko wapi, miye nakuya na samaki sambaza 😂

Kigoma_Yetu

Pole sana mleta mada. Mwana_Kadutu, muache dada wa watu. Mimi nina swali moja. Una kazi, una heshima zako, unaandika vizuri. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kabisa? Hata mmoja?

Cherehani_ya_Nyawera

Aksanti papa, hadithi ya mbabula imenigusa. Kaka wa Kigoma, walikuja. Haikufika mbali.

Mama_Furaha_Bagira

Mwanangu, miye niko mama wa watoto sita, nimeoza mabinti wawili. "Haikufika mbali" ni wapi? Kwetu Bushi, kwa sisi Washi, mambo haya yana hatua. Mtu anakuja kujitambulisha. Anarudi na pombe. Wazee wanakaa. Kisha ng'ombe. Ulifika hatua gani? Usinijibu kwa kuzunguka. Ulitolewa mahari au hukutolewa?

(Saa sita zikapita kabla ya jibu.)

Cherehani_ya_Nyawera

Mama, nilitolewa.

Ilikuwa Desemba 2019. Walikubaliana ng'ombe sita, wakaleta wanne na mbuzi, wawili waliobaki wangekuja kabla ya harusi. Mwenzangu akaenda Kamituga kwenye dhahabu mwanzoni mwa 2020 ili amalizie hao wawili. Alikuwa ananipigia Jumapili, akipanda kilimani kutafuta mtandao. Tarehe 11 Septemba mwaka ule mvua ilinyesha sana, maji yakaingia kwenye mashimo, watu karibu hamsini wakafia chini. Tangu siku ile simu yake haikuita tena.

Hakuna aliyeuona mwili wake. Kuna mtu alisema hakuwa kwenye lile shimo, alishaondoka kuelekea Shabunda. Mwingine akasema alimwona akiingia. Mama yake anasema mwanangu yuko hai. Hawajakaa matanga mpaka leo.

Sikuandika hayo mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha swali langu na kuanza habari za ng'ombe.

Mwana_Kadutu

Dada, unisamehe. Ile ya sambaza nairudisha.

Kalamu_Nyekundu

Kabla watu hawajaanza kuhukumu, kuna jambo la kujua. Sheria ya Familia ya nchi yetu Kongo, ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inauona uchumba kuwa ahadi. Haumlazimishi mtu kufunga ndoa. Lakini sheria hiyo hiyo inaitambua ndoa iliyofungwa ndani ya familia kwa desturi. Kwa hiyo dada, jibu hili ni la muhimu kuliko idadi ya ng'ombe: ulisindikizwa kwao? Ulilala kwao kama bibi arusi? Kama ndiyo, wewe ni mke wa mtu aliyepotea, na hiyo ni njia ndefu ya mahakamani. Kama hapana, ni mchumba.

Cherehani_ya_Nyawera

Sikusindikizwa. Tulisema tungoje ng'ombe wawili waliobaki.

Kalamu_Nyekundu

Basi mbele ya sheria uko huru. Kinachobaki ni cha familia mbili kukaa na kusemezana.

Mushi_wa_Mbali

Niko Lubumbashi lakini damu ni ya Kabare. Kaka Kalamu, karatasi haili majani. Kwetu ng'ombe wakiwa kwa baba yako, wewe una mwenyewe. Wanarudishwa ndipo unapumua. Na je, hao wanne wamezaa? Kwa sababu ndama nao wana hesabu yao.

Papa_wa_Beach

Ndama hawarudishwi. Aliyewachunga ndiye aliyepata tabu.

Mushi_wa_Mbali

Papa, kwa heshima zote, kwetu huko juu ndama anarudi na mama yake.

Papa_wa_Beach

Kwetu siyo. Mwaka 1994 shemeji yangu alirudisha ng'ombe watatu na hakuna aliyemuuliza ndama. (Hapa wakafuatana majibu kumi na moja ya ndama, mbuzi wa shangazi, na nani hulipa ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Sikuona haja ya kuyajibu. — Cherehani)

Kigoma_Yetu

Jamani turudi kwa dada. Mleta mada, kwa nini leo? Miaka hii yote ulinyamaza. Kuna kitu kimetokea juzi.

Cherehani_ya_Nyawera

Kipo. Kuna mwalimu mmoja amefiwa na mke, ana watoto wawili. Ananiletea suruali nimpunguzie. Ya kwanza nilipunguza. Ya pili nilipoipima, pindo lilikuwa sawasawa kabisa, halina hata uzi wa kugusa. Nikamwambia, mwalimu, hii haina kazi. Akasema, basi ikae hapa kidogo. Ikakaa wiki mbili. Jumanne iliyopita akaleta ya tatu, na akaniuliza kama anaweza kumtuma mzee wake kwa baba.

Nilimwambia angoje.

Naomba mnielewe. Ng'ombe wale baba hana tena. Wawili waliuzwa kwa masomo ya kaka yangu, mmoja alikufa, mmoja aliibwa. Baba anasema mahari ikishaliwa imeliwa. Kwa hiyo nimeamua kuwarudisha mimi mwenyewe. Nimeshanunua wawili, wako kwa mjomba Kabare, baba hajui. Mwisho wa mwezi mjomba atawapeleka Nyangezi kwa mama wa mwenzangu, awaache, aseme wengine wanakuja. Mimi sitaenda. Najua mtasema mwanamke harudishi mahari yake. Pesa ni zangu, jasho ni langu, na sioni nimemkosea nani.

Mzee_wa_Essence

Nimesoma kutoka juu mpaka chini na nasema wazi: hii ni hadithi ya kutunga. Asubuhi alikuwa mshonaji mpweke anayekwaruza sufuria. Mchana kuna mchumba aliyepotea shimoni. Jioni kuna mwalimu mgane na ng'ombe wawili wa siri. Mabenki hapa yalifungwa Februari 2025, watu wanauza vitanda wapate unga, na mshonaji wa Nyawera ananunua ng'ombe? Kwa pesa gani? Na ajali ya Kamituga kila mtu anaijua, ilitangazwa redioni. Ni rahisi kubandika mtu wako pale. Watu wanalia humu kwa mtu ambaye pengine ni kijana amekaa mahali anacheka.

Mushi_wa_Mbali

Hata mimi nilishangaa mwanamke anunue ng'ombe peke yake.

Kigoma_Yetu

Mzee kauliza vizuri. Mleta mada, tujibu tu.

Cherehani_ya_Nyawera

Nitajibu, kisha sitajibu tena jambo hili.

Ng'ombe wa kwanza nilimnunua Oktoba 2023. Septemba shule zinafunguliwa, na kila mtoto anataka shati jeupe na sketi au suruali ya bluu. Mwezi ule nilikuwa nalala saa nane. Umeme ukikatika haunisumbui, mashine yangu ni ya kukanyaga, natundika taa ukutani. Wa pili alitoka Machi 2024. Mnajua tarehe 8 Machi kina mama wote wanataka kitenge kimeshonwa, na wote wanakileta tarehe 5. Nikaongeza zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, tuko wanawake kumi. Sikupeleka hata faranga moja benki. Tangu 2025 ni kweli, mzee, kazi imeanguka, nguo zimeshonwa na wenyewe hawaji kuzichukua. Ndiyo sababu wako wawili na si wanne.

Wa kwanza ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na sikio la kushoto limepasuka kwa sababu alinaswa na mti wa ua akiwa mdogo. Haniogopi. Nikienda nampangusa kupe nyuma ya masikio kwa kitambaa chenye mafuta, naye ananiegemea mpaka napoteza nguvu za miguu. Maziwa ni ya mjomba, ndiyo mapatano yetu.

Na kuhusu kumbandika mtu shimoni. Mzee, nina ujumbe wake wa mwisho. Ni wa tarehe 6 Septemba, Jumapili. Ananiuliza kama nimekula.

Mzee_wa_Essence

Mwanangu, nisamehe. Humu tumeshadanganywa mara nyingi. Nilikosea.

Mama_Furaha_Bagira

Sasa nyamazeni kidogo na ndama wenu.

Mwanangu, nisikilize. Mahari kurudishwa na wewe si neno, dunia imebadilika. Mimi nakukataza kitu kimoja tu, kumtuma mjomba. Yule mama hajakaa matanga. Siku atakapoona ng'ombe wanaingia kwenye uwanja wake bila mtu wa kumweleza, atajua maana yake ni nini. Wewe utakuwa umemzikia mwanawe, na hukuwepo. Atapiga yowe na majirani watakuja. Mjomba wako atafanya nini? Atashika kamba.

Nilimpoteza mdogo wangu mwaka 1996, wakati watu wanakimbilia msituni. Hatujui alipo mpaka leo. Mkewe alikuja kwa mama yetu, akakaa siku tatu, hakusema kitu. Siku ya nne mama mwenyewe akamwambia, nenda, wewe ungali kijana. Kama angemtuma mtu, mama asingemsamehe.

Cherehani_ya_Nyawera

Mama, nimeshapanga na mjomba. Ameshatafuta mchungaji wa kumsindikiza.

Mama_Furaha_Bagira

Mpigie.

Cherehani_ya_Nyawera

Mama, naogopa. Mliniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Kila nikianza kutumaini, hata kidogo, hata pale suruali iliposhinda imetundikwa nyumbani kwangu, naona kama mimi ndiye ninayemsukuma chini. Nikitumaini kwa mwalimu, huyu amekufa. Nikitumaini huyu yu hai, nasonga bugali wa watu wawili mpaka nazeeka. Na mama yake tangu 2021 sijamwona. Nilikuwa namtumia sukari kwa watu.

Papa_wa_Beach

Binti yangu, mwalimu anajua habari hizi?

Cherehani_ya_Nyawera

Anajua nilikuwa na mchumba. Ya ng'ombe hajui.

Papa_wa_Beach

Mwambie. Kama ni mtu wa kushika mbabula, atashika.

Mama_Furaha_Bagira

Mwalimu baadaye. Kwanza Nyangezi. Usiende na ng'ombe, usiende na hotuba. Beba sukari, chumvi na sabuni, na ile nguo unayojua angeipenda. Ukifika usianze kueleza. Ingia jikoni, omba mwiko.

Kigoma_Yetu

Na ukirudi utuambie, tafadhali. Tutangoja.

Cherehani_ya_Nyawera

Nimempigia mjomba. Amenuna, lakini amekubali ng'ombe wakae kwanza.

Nitaenda Jumamosi. Nina kitenge cha kijani cha mteja ambaye hakurudi tangu mwaka jana, nitaomba radhi kwake akija. Vipimo vya yule mama bado ninavyo kwenye daftari, nilimpima Desemba ile. Sijui kama amepungua. Nitaacha mshono mpana pembeni.

Mwalimu amenipigia pia jioni hii, kuuliza suruali. Nimemwambia aje Jumapili.