Mtama na maganda ya jakaranda kwa mapambo ya Krismasi

Mama Bustani, Mukono: Habari zenu. Nataka shada la mlangoni la vitu vya shambani tu. Mashuke ya mtama niliyokata yameota ukungu. Kosa ni nini?

Mkulima wa Jinja: Umeyafunga mengi mno, na mvua za Novemba hazisamehe. Funga mabua matano tu, yaning'inize mashuke yaangalie chini, chumba chenye giza na upepo, wiki mbili hadi tatu. Bua likivunjika kwa mlio, tayari. Kisha yagandishe kwenye friza siku tatu, ndani ya mfuko uliofungwa, fukusi wafe. La sivyo utakuta unga mezani.

Dada Shada: Pinda waya mnene, duara la sentimita 30. Vijitawi vya saipresi vifungwe kwa kamba ya katani, vyote vikielekea upande mmoja, kila kimoja kikifunika shina la kilichotangulia. Maganda ya jakaranda mwishoni, manne yanatosha. Saipresi kata tarehe 20 Desemba. Mapema zaidi itapukutika.

Mama Bustani, Mukono: Asanteni. Na mbarika nyekundu?

Mkulima wa Jinja: Penye watoto, hapana dada. Mbegu zake ni sumu.