Naomba ushauri: "although" na "because" zinanisumbua nikiandika Kiingereza

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mnaojua Kiingereza vizuri, hasa walimu.

Nikiandika sentensi ya sababu au ya kupingana, najikuta nafuata Kiswahili. Sisi tunasema "ingawa alikuwa anaumwa, lakini alikuja", na sikio halikatai. Basi juzi kwenye barua kwa msimamizi wangu wa kazi nikaandika "Although I was sick, but I finished the report". Rafiki niliyempa aipitie akaikata "but" kwa kalamu nyekundu, akasema kimoja kinatosha. Aya ya pili kosa lile lile: "Because the file was lost, so I started again". Iliniuma, maana barua ile niliihangaikia siku tatu.

Kanuni yenyewe nimeielewa: vishazi viwili, kiunganishi kimoja. Pia najua "because" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi chake, na "because of" hufuatwa na nomino. Kinachonishinda hasa ni "despite". Mkono unaandika "despite of" wenyewe, halafu naweka sentensi nzima mbele yake. Nimeelekezwa niandike "despite the rain" au "despite being tired", la sivyo nirudi kwenye "although".

Mliovuka hapa, mlifanya mazoezi gani hadi ikawa inakuja yenyewe? Na "since" ikiwa na maana ya "kwa kuwa", msomaji anaitofautishaje na ile ya "tangu"? Mifano ya sentensi itanisaidia zaidi kuliko kanuni. Natanguliza shukrani.