Naomba ushauri: programu ya nyota kwa kompyuta ya zamani

Mpenda_Anga: Wakuu, habari zenu. Nina darubini ndogo ya kusukuma kwa mkono na kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 4. Natafuta programu ya bure ya kuniambia, kabla sijatoka nje, Zohali iko upande gani na Mshtarii inachomoza saa ngapi. Intaneti yangu hukatika sana. Stellarium, Celestia na Cartes du Ciel zinasifiwa zote. Nianze na ipi?

Mkesha: Karibu mkuu. Celestia iache kwanza. Ni nzuri mno, ila kazi yake ni safari: unaondoka duniani na kwenda kuzizunguka pete za Zohali. Wewe unataka anga lilivyo ukiwa umesimama uani, na hiyo ni kazi ya Stellarium. Inakuja na nyota zaidi ya laki sita, na ukishaisakinisha haidai mtandao. Weka mahali ulipo na saa sahihi, la sivyo sayari zote zitakaa pasipo pake.

Kisha washa kipengele cha Oculars. Unaingiza vipimo vya darubini na lenzi ya jicho, nayo inakuchorea duara la kile utakachokiona. Darubini yenye urefu wa fokasi (si upana) wa milimita 900 na lenzi ya jicho ya fokasi ya milimita 25 hukuza mara 36 tu: Mshtarii itakuwa kiduara kidogo chenye miezi yake pembeni. Kwangu hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote, maana wengi hukata tamaa kwa kutarajia kuona picha kama zile za vyombo vya angani.

Fundi_Usiku: Naongezea. Stellarium huegemea sana kadi ya picha, RAM si tatizo kubwa. Ikikwamakwama, zima mandhari ya ardhi, angahewa na Njia Nyeupe. Ikigoma kabisa, hamia Cartes du Ciel. Haina urembo, ni ramani tupu ya nyota, lakini ni nyepesi na unaweza kuchapisha ramani ukatoka nayo bila kompyuta.

Mpenda_Anga: Asanteni sana. Nikitoka nayo, mwanga wa kioo hautaniharibia macho?

Mkesha: Utakuharibia. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza. Bonyeza Ctrl+N, Stellarium yote itageuka nyekundu, halafu punguza mwanga wa kioo hadi mwisho. Madirisha mengine yafunge, hayo hayageuki.